Ngoma ya Mjomba Kwenye Jukwaa la Sabuni

Chanika, Handeni
2 Juni 2024

Mama mkubwa Fatu,

Shikamoo. Kaa vizuri kwenye kigoda kwanza, maana barua uliyoishika imeandikwa na mtu mwenye bahati kuliko wote waliozaliwa upande huu wa mto Pangani. Sijisifu, nakupa taarifa.

Husna wangu anakusalimu sana. Vitumbua vyake bado vinakwisha kabla jua halijachomoza sawasawa. Watoto wazima. Maji ndiyo yale yale ya Handeni unayoyajua, ndoo moja inaoga watu watatu na bado maji ya mwisho yanaitwa safi. Mjomba Muhsin mpe shikamoo yangu sikioni, kwa sauti ya juu. Najua kwenye simu hasikii kitu, ndiyo maana nimenunua daftari zima la kumwandikia, awe anasomewa. Eliasi atakuwa anawaletea kila Alhamisi akipandisha dagaa wake huko Mpale.

Sasa sikia. Imekuja kampuni ya vijana kutoka Dar, wanaandaa tamasha la ngoma za mikoa yote. Walikaa kwenye uwanja wa mpira hapa mjini, watu sitini tukajipanga kama tunasubiri mbolea ya ruzuku. Zamu yangu ilipofika sikumaliza hata dakika tano. Mkubwa wao akasimama, akasema, "Huyu hapa." Nimechaguliwa kuwa mpigaji mkuu na kiongozi wa kundi la Tanga. Tutakwenda Dodoma, Mwanza, Mbeya, tumalizie Lindi. Mimi darasa la saba la Kwaluguru, lakini barabara nimezisoma hadi Tunduma na Namanga nikiwa utingo, kwa hiyo wanaona kabisa kwamba wamepata mtu aliyetembea.

Jambo moja tu. Wanataka ngoma yenye umri, siyo hizi za kuchonga jana. Nikawaambia ipo, imekaa darini jikoni kwa mama mkubwa inavuta moshi tangu babu. Naomba mnipe. Mwambie mjomba asihangaike kunifundisha upya. Yote aliyonipigia mgongoni nikiwa na miaka kumi na mitano bado yapo, nikilala chali yananichoma. Na kama mpwa mwenzangu Ramadhan amekuja kuiulizia, mwambie mikono yake Mungu aliiumba kwa ajili ya kupalilia muhogo.

Mwanao,
Sabiri


Mpale, Korogwe
16 Juni 2024

Mwanangu Sabiri,

Marahaba. Barua yako imefika inanuka dagaa, nimeianika kwenye kamba ya nguo kabla sijaifungua. Huku ni ukungu, mpaka saa nne hatuonani na jirani. Maharage yameota kuvu kwenye majani. Mjomba wako hajambo, isipokuwa asubuhi hatoki nje.

Nimemsomea mara tatu. Mara ya pili aliniomba niruke salamu nianzie pale ulipochaguliwa. Amesema uchukue ngoma. Eliasi anayo kwenye mzigo huu, nimeifunga kwa kanga zangu mbili, na hizo kanga nazitaka.

Lakini nikukumbushe, kwa sababu wewe ulifundishwa wiki mbili tu ukatoroka na lori la mbao. Hiyo ni ngoma ya kuanua tanga. Kwetu mtu akifa, siku ya arobaini hiyo ndiyo inayowaambia wafiwa waoge, wanyoe, washike jembe. Inapigwa kwa viganja. Fimbo haijawahi kuigusa. Haikaliwi. Haiwekwi chini bila mkeka. Na mdundo wake wa mwisho haupigwi kama hakuna msiba. Kaka Muhsin anasema huko jukwaani upige ya harusi, upige selo ya kujifurahisha, basi.

Unajua pia kwamba mdundo huo hauandikwi wala hauimbwi. Mjomba anampigia mpwa wake mgongoni, mpwa amelala kifudifudi, mpaka mwili ushike. Anapewa mtu mmoja tu. Ramadhan alikuja. Bado yupo, siku ya nne sasa, anapasua kuni, anachota maji, hasemi alichokifuata. Kaka amesema anasubiri jibu lako.

Kwa hiyo nijibu bila mbwembwe. Unajua mpaka mwisho, au hujui?

Mama yako mkubwa,
Fatu


Dodoma
14 Julai 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo, na mjomba shikamoo. Mimi ni mzima, nimenawiri, ungeniona ungeniamkia wewe. Husna amenipigia, anasema kuku wa jirani wamekula unga wake na wamegombana wiki nzima. Mambo ya nyumbani hayo, yananifurahisha nikiwa mbali.

Umeniuliza kama najua mpaka mwisho. Najua mpaka mwisho, na baada ya mwisho najua kidogo tena. Mwambie mjomba alale.

Sasa nikupe habari za huku, na usile kitu wakati unasoma. Kundi letu la Tanga tulikuja watu kumi na sita, wanaume kanzu na kibaraghashia, kina mama kanga safi, viatu mkononi visichafuke. Mkubwa wa kampuni anaitwa Godlisten, kijana wa miwani ya jua, anaivaa hadi ndani ya nyumba. Akatutazama kama watu walioshushwa kituo kisicho chao.

"Wazee wangu," akasema, "hii ndiyo asili? Mbona mmevaa kama mnakwenda kuposa?"

Nikamjibu, "Mwanangu, hii ndiyo asili yenyewe. Babu yangu alizikwa na sanda, hakuzikwa na manyoya."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akamwaga gunia chini. Mama mkubwa, ndani ya gunia kulikuwa na sketi za nyuzi za plastiki, vitambaa vya madoa ya chui vya kushonea mito ya makochi, na chokaa ya kupaka usoni. Hazijafuliwa. Zilikuwa na jasho la mkoa uliotangulia. Niliishika moja kwa vidole viwili, ikabaki imesimama yenyewe. Mama mmoja wa Korogwe mjini, mtu mzima mwenye wajukuu, akavikwa ile sketi juu ya kanga yake, akawa anajifuta mikono hata kabla hajaigusa.

Wagogo nao wanaumwa moyo. Wanawake wao wamekuja na ngoma zao za kushika mapajani, sauti yake tamu hadi mwili unasisimka. Wamepewa dakika tatu, halafu muziki wa spika unawafunika. Mmoja aliendelea kupiga spika zikiwa zimewaka. Aliendelea tu, hakuna aliyemsikia, mimi nilimwona mikono.

Lakini kinyaa cha vinyaa ni jamaa mmoja wa Handeni, simtaji jina. Wamemweka getini. Wamempaka chokaa mpaka kope, wamemvika mifupa ya mbuzi shingoni. Mifupa yenyewe imetoka kwa muuza supu, nyama bado imeshika, nzi wanamsindikiza kila aendako. Kibao kimeandikwa MGANGA WA KIZIGUA. Wageni wanapiga naye picha, yeye anatoa ulimi na kutikisa kibuyu. Watoto wa shule wanamrushia maganda ya karanga. Mimi nikipita na ngoma yangu namtazama mara moja tu, halafu natema mate.

Kiongozi wa kundi la Tanga,
Sabiri


Mpale, Korogwe
4 Agosti 2024

Mwanangu Sabiri,

Marahaba. Ukungu umepungua. Tumevuna mahindi, machache, ngedere wamekula mstari wa kwanza wote wakaacha magunzi yamepangwa kama wana akili. Kaka nilimpeleka Korogwe akapimwe. Daktari alisema maneno yake, sitaki kuyaandika. Shati lake la Idi limekuwa kama amelirithi kwa mtu mnene.

Barua yako ya Dodoma ilimfurahisha. Pale pa babu na sanda alicheka mpaka nikamshika mgongo. Halafu akamwita Ramadhan aliyekuwa uani.

"Umesikia mwenzako?" akamwambia. "Anajua mpaka mwisho."

"Nimesikia, mjomba."

"Basi rudi Kwaluguru. Siwezi kugawa kitu kimoja mara mbili. Mwenye ngoma yupo, anazunguka nayo nchi nzima."

Ramadhan alimaliza kupanga kuni, akanawa, akaniaga mimi, akamuaga yeye, akateremka kwa miguu mpaka barabarani. Nilimpa ndizi za njiani. Alisahau kuzichukua, au alijifanya amesahau.

Kuhusu huyo mtu wa getini. Nilipofika hapo mjomba wako aliniambia nirudie. Nikarudia. Akageuza uso kwenye ukuta akatema mate ndani ya kopo lake, na hakula mchana. Ametuma maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambieni huyo mtu sisi tuliitwa wachawi na watu waliotuonea wivu. Leo anajiita mwenyewe, kwa kupigwa picha. Kama ana mjomba, mjomba wake afe kabla hajajua." Mimi naongeza langu. Kama ana mke, nguo za mwanamume huyo asizifue. Azichome.

Njoo, Sabiri. Omba ruhusa ya siku tatu. Kaka anataka kukusikia mwenyewe, ulale upige sakafuni, na yeye aweke mkono mgongoni mwako aone kama mwili umeshika. Anasema ni kuhakikisha tu.

Fatu


Mwanza
25 Agosti 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta huku, Husna aliituma kwa basi, imefika imekunjwa kama nauli ya mtoto. Nimefurahi kusikia mjomba alicheka. Hayo mengine nimeyasoma pia.

Ruhusa haipatikani. Mkataba ni mkali. Mpigaji mkuu akiondoka, Tanga yote inaanguka, nitajibu nini kwa watu wa mkoa mzima? Mwambie mjomba baada ya Lindi.

Huku Mwanza samaki ni wengi hadi wanakera. Chakula chetu sisi wa ngoma kinaletwa kwenye ndoo zilizokuwa za rangi ya ukuta. Wali una ladha ya ukuta. Juzi nilikuta nywele ndefu ndani, nikaivuta, ikaja, ikaja, nikadhani namvuta mpishi mwenyewe. Choo ni kimoja kwa makundi arobaini. Sitakisimulia. Nitasema tu kwamba mimi niliyelala chini ya malori Tunduma nilitoka mle nimefumba macho.

Wasukuma wana ngoma ya majembe, labda umewahi kuisikia. Wanalima hewani, wanarusha jembe linazunguka, wanalidaka. Wanaume wamekuja na majembe yao ya kweli, yana makali, mipini imelainika kwa mikono ya wazazi wao. Godlisten akayakusanya yote. Bima, anasema. Akawapa majembe ya plastiki ya rangi ya chungwa, yale wanayochezea watoto ufukweni. Walicheza. Wazee wazima wenye mvi wanarusha plastiki, upepo unaichukua. Watu wakacheka wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mzee mmoja aliliokota lake akaliweka kwapani, akashuka jukwaani akaenda zake. Nilitaka kumfuata, nikabaki.

Na kuna jambo la ngoma yetu, ulijue kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine. Mdhamini wa tamasha ni watu wa sabuni. Wameomba kila ngoma ya kila mkoa itangulize tangazo lao, dakika moja. Msichana anaimba kuhusu povu, ngoma inaitikia. Ya kwetu nayo imeitikia. Wameipaka rangi kidogo vilevile, ya kupendeza. Ngoma ya kuwavua watu msiba, mama mkubwa, inaitikia povu. Nilipoisikia nilisogea nyuma ya hema nikatapika ule wali. Halafu nilirudi nikafanya kazi yangu, maana kazi ni kazi, na watu elfu kumi walisimama kunishangilia.

Yule wa getini usimhukumu sana. Huwezi jua alidhani anakwenda kufanya nini alipotoka kwao.

Wako,
Sabiri


Mpale, Korogwe
19 Septemba 2024

Sabiri,

Marahaba. Sina salamu nyingi. Jirani yangu Loyce, yule mwalimu, hupanda kilimani penye shule kutafuta mtandao. Jumapili alinichukua akanionyesha tamasha lenu kwenye simu yake. Tuliangalia Dodoma, tukaangalia Mwanza. Loyce alinirudishia nyuma kila nilipomwomba, mpaka betri ikaisha.

Nimeona. Sitaandika nilichokiona. Wewe uliyekuwepo, andika.

Nilipofika nyumbani niliosha mikono kwa majivu, sijui kwa nini, sikuwa nimeshika kitu ila simu ya watu.

Kaka tangu Ijumaa hali ugali. Anakunywa uji nusu bakuli, uliobaki unakauka kidevuni nisipomfuta. Wazee wa ukoo walikuja kutoka Kwaluguru, wanne, walikodi gari. Walimuuliza waziwazi, kama watu wanaopendana wanavyoulizana: akiondoka, nani atawavua msiba? Akawajibu, sauti yake yote aliyobakiwa nayo, "Ni Sabiri. Msitafute mwingine. Mmesikia barua zake?" Mmoja wao alinitazama. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Nikasema, "Tumezisoma." Sikusema uongo, na tangu siku ile nikijiona kwenye maji ya ndoo natazama pembeni.

Ramadhan hajarudi. Yeye akishafukuzwa amefukuzwa, unamjua.

Huyu mgonjwa anaulizia barua kila akisikia gari la Eliasi. Nimebaki na barua zako tatu za zamani, namsomea hizo hizo, anaitikia kama mpya. Mkono wake unapiga shuka, Sabiri. Anapiga mdundo wote, anafika karibu na mwisho, anasimama, anasubiri mtu.

Niambie nisome nini sikioni mwake.

Fatu


Chanika, Handeni
23 Septemba 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Nipo Chanika. Nina wiki mbili hapa, nimemkataza Husna asikuambie. Husna hajambo, ila haongei na mimi isipokuwa kwa mambo ya chumvi na maji. Nguo zangu hajazifua. Hajazichoma, lakini ameziweka kwenye mfuko wa mbolea nje ya nyumba, na kila asubuhi anazitazama akipita.

Barua yako niliipokea jana saa sita mchana. Nimeisoma nikiwa nimesimama. Leo naandika, na nimeshamshika Eliasi apande leo hii hii, asisubiri Alhamisi yake.

Hii msomee mjomba yote. Usiruke salamu wala chochote.

Mjomba, shikamoo. Yule wa getini ni mimi.

Siku ile uwanjani nilipiga. Nilipiga ile sehemu ya wiki mbili, ikaisha, nikairudia, ikaisha tena. Godlisten akasema, "Mzee, maneno unayo, mikono imekufa. Ngoma za zamani huko kwenu zipo?" Nikasema zipo. Ngoma ndiyo iliyochaguliwa, kabla hata hawajaiona. Nilishawaambia Husna na nusu ya Chanika kwamba nakwenda, nikaona haya kurudi nyuma, nikamwomba anipeleke kwa kazi yoyote. Akanitazama kichwani mpaka miguuni, akasema, "Uso wako unafaa getini." Nikacheka. Nilidhani nitakuwa mlinzi.

Chokaa ile inaingia masikioni, mjomba. Hata leo nikijikuna inatoka. Ile mifupa walibadilisha mara moja tu, tulipofika Mwanza. Mliponiletea maneno yenu nilikuwa nimekaa chini ya kile kibao, nimeivaa shingoni, nasoma. Mzungu mmoja alinipiga picha nikisoma. Nadhani anayo mpaka leo, mganga na barua yake.

Aliyepiga ngoma ni kijana wa Godlisten, fundi wa spika. Alipiga kwa fimbo. Nilimwambia viganja, akasema vinauma. Rangi ni ya kijani na njano, za sabuni yao, mwili mzima wa ngoma. Asubuhi ya siku ya mwisho ya Mwanza nilimkuta ameikalia, anakula chipsi na kuku, anafuta mafuta ya vidole kwenye ngozi. Sikumpiga. Nilimwambia, "Mwanangu, simama," akasimama, nikaichukua, nikaenda nayo stendi nikiwa na chokaa yangu usoni. Kwenye basi hakuna aliyekaa karibu na mimi mpaka Singida.

Nimeikwangua rangi kwa kipande cha chupa siku nane. Njano imetoka. Kijani kimebaki kwenye mishipa ya mti. Ngozi ina mpasuko wa vidole viwili pale fimbo ilipokuwa inatua. Kanga moja ya mama mkubwa ipo, ya pili walifutia jukwaa.

Jana jioni, baada ya barua, niliibeba hadi Kwaluguru kwa Ramadhan. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nilimweleza yote haya, na kuyasema usoni pa mtu ni tabu kuliko kuyaandika. Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Aliipindua, akaupima ule mpasuko kwa kidole, akasema, "Ngozi ninayo, ya fahali, ilishakauka."

Nikamwambia, "Basi panda Mpale kesho asubuhi. Mimi nitakulindia mahindi."

"Mjomba alinifukuza."

"Alikufukuza kwa ajili ya uongo wangu."

"Najua. Lakini amesema yeye. Mpaka aseme yeye."

Nikamsihi mpaka nikapiga magoti kwenye magunzi yake, mama mkubwa, mimi na umri wangu. Akanipa maji ya kunywa. Hakupanda, na hatapanda mpaka aitwe. Ngoma ameifunga ndani ya mkeka, juu ya kitanda chake, yeye analala chini.

Kwa hiyo sina njia nyingine ila sikio lako, mjomba. Nilikuwa nataka uendelee kufurahi. Nilijiambia kwamba mtu mgonjwa akicheka nimemtibu, na mimi nitajifunza nikirudi, nitakuja nilale chini unipigie, hakuna atakayejua. Kila barua niliyoiandika niliona nakupa zawadi. Kumbe nilikuwa namfungia Ramadhan mlango kwa mkono wako.

Usiniite mimi. Nikija sasa utatumia nguvu yako ya mwisho kunigombeza, au kunisamehe, na yote mawili yatakuchosha. Nguvu hiyo ipeleke kwenye mgongo wa Ramadhan. Mwite leo. Mwambie Eliasi kwa kinywa chako, asikie, anashuka sasa hivi, anaweza kufika Kwaluguru kesho kabla ya adhuhuri. Ukishampa, hata ukikataa nisikae matangani kwako, nitakaa barabarani.

Mama mkubwa, kama amelala mwamshe umsomee tena hapa mwishoni. Sikuchaguliwa na mtu yeyote. Sikupanda jukwaani hata siku moja. Ngoma hiyo sijui kuipiga.

Sabiri